Kile Kisichorudishwa: Historia ya Kifo cha Mchezaji katika Michezo ya Video

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna michezo ya video ilivyokishughulikia kifo cha mchezaji, tangu mashine za sarafu za miaka ya 1970 hadi michezo ya masimulizi ya karne hii. Hoja kuu ni kwamba uzito wa kifo ndani ya mchezo hautokani na namna kifo kinavyochorwa kwenye kiwambo, bali na kile ambacho mchezaji harudishiwi baada ya kufa: fedha, muda, mhusika, sauti yake mbele ya wenzake, au hadithi yenyewe. Kwa kuzingatia michezo teule kwa mfuatano wa wakati, makala yanaonyesha jinsi kifo kilivyoanza kama kipimo cha biashara na kuishia kuwa kipengele cha usimulizi. Yanahitimisha kwa kupendekeza kuwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una nyenzo za kutosha za kuisoma tanzu hii.

1.0 Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili imekizoea kifo cha aina mbili. Katika ngano, kifo aghalabu hutanguka. Zimwi humeza watoto, ng'ombe na kijiji kizima, kisha shujaa hulipasua tumbo na wote hutoka wakiwa hai, kana kwamba walikuwa wamelala. Katika tendi, kifo hakitanguki. Fumo Liyongo, kama masimulizi yake yalivyohifadhiwa katika utendi wa Muhammad Kijumwa, huchomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Hujikokota hadi kisimani, hupiga goti na kuvuta upinde, na watu wa mji hukosa maji kwa siku kadhaa kwa sababu hawajui kwamba aliye mbele yao ni maiti. Katika ngano kifo ni kikwazo cha msuko. Katika utendi ni tukio linalowabana waliobaki.

Michezo ya video inasimama katikati ya aina hizi mbili, na ndiyo sababu inastahili kuchunguzwa na wanafasihi. Mchezaji wa kawaida hufa mara nyingi katika saa moja kuliko wahusika wa tamthilia nzima, na kila mara hurudi. Mtazamaji wa nje anaweza kusema kwamba kifo hicho hakina maana yoyote. Methali yetu kwamba kifo cha wengi harusi inaonekana kumuunga mkono. Makala haya yanapinga hitimisho hilo la haraka. Yanadai kwamba michezo imekuwa ikitafuta, kwa zaidi ya nusu karne, jibu la swali moja: ikiwa mchezaji lazima arudi ili mchezo uendelee, ni kitu gani kisirudi pamoja naye?

Istilahi moja inahitaji ufafanuzi. Nafasi ambazo mchezaji hupewa kabla mchezo haujamalizika zitaitwa hapa roho. Kiswahili humsema asiyekufa kwa urahisi kuwa ana roho ya paka, na maana hiyo ya uhai unaoweza kuhesabika inaafiki dhana inayojadiliwa kuliko neno maisha, ambalo hudokeza urefu wa safari ya mtu duniani.

2.0 Kifo Kilicholipiwa kwa Sarafu

Mwaka 1962, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, Steve Russell na wenzake waliunda mchezo ulioitwa Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Vyombo viwili vya angani vilipigana kando ya nyota yenye mvuto. Kilichopigwa kililipuka, na pambano likaanza upya. Hakuna aliyelipa, na hakuna kilichopotea. Kifo kilikuwa alama tu ya kumalizika kwa duru moja.

Hali ilibadilika michezo ilipoingia sokoni. Computer Space ya mwaka 1971, mchezo wa kwanza wa video wa sarafu kuuzwa kibiashara, iliuza muda: mchezaji alitumbukiza sarafu na kupata dakika za kucheza. Lakini mashine za mipira ya chuma zilizotangulia michezo ya video zilikuwa tayari na mfumo mwingine, ambamo mteja hakununua muda bali idadi ya mipira. Mpira ulipopotea, nafasi moja ilikwisha. Mfumo huo ndio uliorithiwa. Katika Space Invaders, mchezo ulioundwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978, mchezaji alipewa mizinga mitatu, mmoja baada ya mwingine. Roho tatu zilikuwa zimezaliwa kutokana na hesabu ya mipira.

Jambo la kuzingatia katika Space Invaders ni kwamba haikuwa na ushindi. Kila kundi la wavamizi lilipomalizika, lingine lilishuka, na kadiri wavamizi walivyopungua ndivyo waliosalia walivyozidi kwenda kasi. Mchezaji hodari hakuepuka kifo; alikiahirisha. Kilichobaki baada yake kilikuwa idadi ya alama. Muundo huu ulikuwa na mantiki ya kibiashara iliyo wazi, kwani mashine isiyomuua mchezaji haipokei sarafu ya mtu anayefuata kwenye foleni. Hapa methali ya kufa kufaana inatimia kwa maana yake ya moja kwa moja: kifo cha mchezaji kilikuwa riziki ya mwenye mashine.

Wabunifu wachache walitambua uzito wa muundo huo na kuutumia kusema jambo. Dave Theurer wa kampuni ya Atari alitoa Missile Command mwaka 1980, wakati hofu ya vita vya nyuklia ilipokuwa hai. Mchezaji hulinda miji sita dhidi ya makombora yanayoanguka bila kikomo. Mji wa mwisho unapoteketea, mashine haitangazi kwamba mchezo umekwisha, kama ilivyokuwa desturi. Hutangaza kwamba huo ndio mwisho. Tofauti ya maneno ni ndogo, lakini kimantiki ni kubwa. Kauli ya kwanza humwambia mchezaji kuwa zamu yake imekwisha. Ya pili humwambia kwamba hakuna tena cha kulindwa.

Wengine waliuelekeza muundo huohuo kwenye mfuko wa mteja bila haya. Katika Gauntlet ya mwaka 1985, afya ya mhusika hupungua kila sekunde hata kama hajaguswa na adui, na sarafu mpya humwongezea. Katika mashine ya Ninja Gaiden ya mwaka 1988, mchezaji aliyeshindwa huonyeshwa shujaa wake amefungwa chini ya msumeno wa duara unaoteremka, huku tarakimu zikihesabu kurudi nyuma. Sarafu ndiyo ingemwokoa. Taharuki, ambayo katika hadithi humshika msikilizaji ili asiondoke, hapa ilimshika mteja ili alipe.

3.0 Msimulizi, Kaburi na Faili Lililofutwa

Wakati mashine za sarafu zikienea katika kumbi za burudani, kompyuta za vyuo vikuu na maabara za Marekani zilikuza mkondo mwingine. Huko mchezaji hakulipia zamu, hivyo kifo hakikuwa na kazi ya kukusanya fedha. Kililazimika kutafutiwa maana nyingine.

Mchezo wa maandishi Colossal Cave Adventure, ulioanzishwa na Will Crowther mwaka 1976 na kupanuliwa na Don Woods mwaka 1977, ulimpa kifo msimulizi. Mchezaji huandika amri, na sauti ya nafsi ya kwanza humjibu kwa kumwelezea anachokiona pangoni. Akifa, sauti hiyohiyo humuuliza kama angependa ijaribu kumfufua. Humfufua kwa kusitasita, na baada ya mara chache hukosa uwezo. Kwa mtazamo wa nadharia ya usimulizi, hili ni tukio la kuvutia: msimulizi ambaye kazi yake ni kueleza anakiri kwamba yeye pia ana mamlaka juu ya uhai wa anayesimuliwa, na kwamba mamlaka hayo yana mpaka.

Mnamo mwaka 1980 Michael Toy na Glenn Wichman, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, walianzisha Rogue. Ndani yake mhusika hushuka katika mapango ambayo hupangwa upya na kompyuta kila mchezo unapoanza. Mchezaji aliweza kuuhifadhi mchezo ili apumzike, lakini mara alipoufungua tena, faili lililohifadhiwa lilifutwa. Kwa hiyo akifa hakuwa na pa kurudi. Kwenye kiwambo lilichorwa kaburi lenye jina lake, kiasi cha dhahabu alichokuwa nacho na kiumbe kilichomuua.

Hapa ndipo historia ya kifo cha mchezaji ilipopata matokeo yake ya kwanza yasiyohusu fedha. Kilichopotea kilikuwa mhusika: jina, mali na njia ambayo haitapangwa tena vilevile. Waliofuata walilipanua wazo hilo. NetHack, iliyotolewa mwaka 1987, iliweza kuhifadhi ghorofa ambamo mchezaji amefia, kisha mchezaji mwingine kwenye kompyuta hiyohiyo akaikuta, ikiwa na mali ya marehemu pamoja na mzuka wake. Kifo cha mmoja kilikuwa kimeingia katika safari ya mwingine, kama vile maiti ya Liyongo ilivyoingia katika maisha ya watu waliokwenda kisimani.

4.0 Maji Yaliyomwagika Yakazoleka

Michezo ya nyumbani ya miaka ya 1980 ilirithi roho tatu za mashine za sarafu, ingawa sababu yake ilikuwa imetoweka. Familia ilikwisha kulipa dukani. Kifo hakikumletea mtu mwingine kipato. Super Mario Bros., iliyotolewa na Nintendo mwaka 1985 chini ya Shigeru Miyamoto, inaonyesha mabadiliko hayo kwa namna ya pekee. Sarafu imehamia ndani ya mchezo. Mchezaji huziokota njiani, na zikifika 100 hupata roho moja. Kilichokuwa bei ya kuingia kimekuwa tuzo ya kutembea.

Mwaka uliofuata The Legend of Zelda iliwawezesha wachezaji kuhifadhi safari yao, kwanza kwenye diski nchini Japani, na kuanzia mwaka 1987 nchini Marekani kwenye kaseti iliyowekwa betri ndani. Kuanzia hapo kifo hakikumrudisha mchezaji mwanzo. Hata hivyo, mchezo uliandika kando ya jina lake idadi ya mara alizokufa. Vifo vilisamehewa lakini havikusahauliwa.

Uwezo wa kuhifadhi ulizua tatizo la kimaadili na la kisanaa ambalo Kiswahili kinalieleza vizuri kwa usemi kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Faili lililohifadhiwa huyazoa. Mfano ulio wazi ni Fire Emblem, mfululizo wa Kijapani ulioanza mwaka 1990, ambamo askari anayeuawa vitani haonekani tena. Wabunifu walikusudia kila askari awe na thamani kwa sababu hawezi kupatikana mara ya pili. Lakini mchezaji aliyeweza kuzima mashine na kuanza pambano upya alikuwa na njia ya kumrudisha marehemu. Mwaka 2010 mfululizo huo ulimpa mchezaji chaguo rasmi la kurudishiwa walioanguka mara pambano linapokwisha. Kufiwa kukawa jambo la kuchagua.

Wabunifu wengine walitafuta kitu ambacho faili haliwezi kukirudisha. Jordan Mechner, katika Prince of Persia ya mwaka 1989, hakuzihesabu roho kabisa. Mwanamfalme anaweza kufa mara nyingi apendavyo mchezaji, lakini ana dakika 60 tu za kumwokoa binti mfalme, na kila kifo hula sehemu ya dakika hizo. Ron Gilbert alikwenda upande wa pili. Katika The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990 alikiondoa kifo karibu kabisa, akiamini kwamba hofu ya kufa humzuia mchezaji kujaribu. Shujaa wake, ambaye hujisifu kwamba anaweza kukaa chini ya maji kwa dakika kumi bila kuvuta pumzi, hufa tu ikiwa mchezaji atamwacha humo hadi dakika hizo zipite. Utani huo una hoja ndani yake: kifo kisicho na kazi katika hadithi hakina sababu ya kuwamo.

5.0 Wafu Mbele ya Walio Hai

Michezo ya mtandaoni ilileta hali ambayo mashine ya nyumbani haikuwa nayo, yaani mashahidi. Dunia ya pamoja haiwezi kurudishwa nyuma kwa sababu mmoja amekufa, kwani maelfu ya wengine wanaendelea kuishi ndani yake.

Ultima Online ya mwaka 1997 ilitoa jibu ambalo wanaisimu watalipenda. Aliyekufa hakuondolewa, alibaki kama mzuka wa kijivu na aliweza kuandika maneno. Lakini walio hai hawakuyasoma maneno hayo. Waliona mfululizo wa herufi o, kama sauti ya mtu anayeugua mbali, isipokuwa kama wamejifunza ufundi wa kuzungumza na mizuka. Kilichopotea kwa kifo kilikuwa lugha. Marehemu alikuwa na la kusema, aliona wenzake wakipita, na hakueleweka hadi alipofufuliwa.

Katika EverQuest ya mwaka 1999, kifo kilimnyang'anya mchezaji sehemu ya uzoefu aliouchuma, na mali yake ilibaki kwenye maiti mahali alipofia. Aghalabu mahali hapo palikuwa pa hatari, hivyo aliwahitaji wenzake wamsindikize kuichukua. Adhabu ilikuwa kali, lakini ilijenga ujirani, kwa kuwa watu walikumbukwa kwa kuwa walikwenda kusaidia au walikataa. World of Warcraft, iliyotolewa mwaka 2004, ililegeza kamba: mzuka hukimbia kutoka makaburini hadi kwenye maiti, na uzoefu haupotei. Mchezo huo ulivutia watu wengi zaidi. Hata hivyo, Agosti 2023 kampuni yake ilifungua seva maalumu ambamo mhusika akifa harudi tena kuendelea na safari, baada ya wachezaji wenyewe kujiwekea sharti hilo kwa miaka kadhaa. Ni vigumu kusema kwamba wachezaji hutaka tu kifo kilicho rahisi, ikiwa baadhi yao wamedai kirudishiwe ukali wake.

6.0 Kifo Kinapoingia Hadithini

Hadi hapa kifo kilikuwa nje ya hadithi. Mhusika alikufa, akarudi, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Mgongano huo ulijitokeza waziwazi katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997. Wahusika wake huanguka vitani na hufufuliwa kwa dawa inayouzwa madukani. Kisha Aerith anauawa kwa upanga katika tukio la hadithi, na dawa hiyo haitajwi. Kwa miaka mingi wachezaji walitafuta njia ya siri ya kumrudisha. Juhudi hizo hazikuwa upumbavu. Mchezo wenyewe ulikuwa umewafundisha kwamba waliokufa hurudi.

Michezo iliyofuata ilijaribu kuziba ufa huo kwa kukifanya kifo cha mchezaji kuwa sehemu ya usimulizi. Katika Prince of Persia: The Sands of Time ya mwaka 2003, matukio yote yanasimuliwa na mwanamfalme mwenyewe. Mchezaji anapoanguka na kufa, sauti ya mwanamfalme husikika ikijisahihisha, ikisema kwamba mambo hayakwenda hivyo. Yeyote aliyesikiliza ngano anaitambua hali hii. Fanani amekosea, hadhira imeshtuka, naye anarudi nyuma kidogo na kuendelea. Kifo kimekuwa kosa la msimulizi badala ya tukio la hadithi.

Planescape: Torment ya mwaka 1999 ilikuwa imechukua njia iliyo kali zaidi. Shujaa wake asiye na jina hawezi kufa. Huzinduka tena, mara nyingi kwenye chumba cha maiti. Baadaye hubainika kwamba kila anapokufa, mtu mwingine mahali fulani hufa badala yake. Mchezaji aliyejizoesha kurudi bila gharama hugundua kwamba gharama ilikuwepo tangu mwanzo, ila ililipwa na asiyemjua.

Kampuni ya Supergiant, katika Hades ya mwaka 2020, ilikigeuza kifo kuwa injini ya masimulizi. Zagreus hujaribu kutoroka kuzimu, na kila anapouawa hurejea katika nyumba ya baba yake, ambako jamaa humkejeli, humpa pole na kumweleza mambo mapya. Bila kufa, sehemu kubwa ya mazungumzo hayo haisikiki. Hapa hadithi haipotei kwa kifo. Huchumwa kwa kifo.

NieR: Automata ya Yoko Taro, ya mwaka 2017, inalirudia faili lililofutwa la Rogue kwa maana iliyopinduliwa. Mwishoni mchezaji husaidiwa na watu asiowajua kupita pambano zito, kisha huulizwa kama yuko tayari kufuta safari yake yote iliyohifadhiwa ili amsaidie mgeni mwingine. Kufa kufaana, ambako katika mashine za sarafu kulimnufaisha mwenye mashine, hapa kunamnufaisha mchezaji mwenzake, na ni kwa hiari.

7.0 Mpaka wa Mchezo

Mfano wa mwisho unaipima hoja ya makala haya kwa ukali kuliko yote. That Dragon, Cancer, iliyotolewa Januari 2016, iliundwa na Ryan na Amy Green pamoja na wenzao kuhusu mtoto wao Joel, aliyeugua saratani tangu utotoni na kufariki Machi 2014 akiwa na umri wa miaka mitano. Kazi ilikuwa imeanza akiwa hai. Ndani ya mchezo, mchezaji hukaa na baba hospitalini usiku, mtoto akilia, na hakuna anachoweza kubonyeza kikamtuliza. Katika sehemu nyingine, mtindo wa michezo ya zamani unaigwa, na mtoto shujaa hupambana na joka ambalo halishindiki.

Roho tatu, vituo vya kurejea, dawa za kufufua na mafaili yaliyohifadhiwa ni ahadi kwamba juhudi ya mchezaji itazaa tofauti. Mchezo huu unaivunja ahadi hiyo, na unamfanya mchezaji ahisi kuvunjika kwake mikononi, kwenye vitufe vile vile vilivyozoea kumtii. Shairi la tanzia humwambia msomaji kwamba aliyekufa harudi. Mchezo huu humwacha mchezaji ajaribu kumrudisha, kisha ashindwe. Hapo hakuna kinachorudishwa, na ndiyo sababu kifo hicho ni kizito kuliko maelfu yaliyochorwa kwa damu nyingi zaidi.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haikwenda kwenye mstari ulionyooka kutoka kifo chepesi hadi kifo kizito. Rogue ya mwaka 1980 ilikuwa kali kuliko michezo mingi iliyoifuata, na seva za mwaka 2023 zimeurudia ukali huo. Kilichobadilika ni aina ya kitu kinachozuiliwa. Mwanzoni ilikuwa sarafu. Kisha muda, mhusika, lugha mbele ya wenzake, imani ya mchezaji kuhusu hadithi, na mwishowe uwezo wenyewe wa kutenda. Kwa hiyo swali la kihakiki linalofaa kuulizwa mbele ya mchezo wowote haliwezi kuwa kama una vifo vingi au vichache, wala kama vinaonyeshwa kwa ukatili au kwa staha. Swali ni nini kilichobaki kaburini mchezaji alipotoka.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawaliendei swali hili mikono mitupu. Uhusiano wa fanani na hadhira, tofauti ya kifo cha ngano na kifo cha utendi, na utamaduni mrefu wa tanzia ni nyenzo zinazofaa kwa kazi hii, kama mifano ya mwanamfalme anayejisahihisha na ya mizuka isiyoeleweka ilivyodokeza. Vijana wengi wanaosoma fasihi katika shule na vyuo vyetu wamekutana na kifo cha mhusika wakiwa na simu au kidhibiti mkononi kabla ya kukutana nacho katika kitabu. Mwalimu anayewauliza walipoteza nini walipokufa mchezoni atakuwa ameanza nao somo la fasihi.